Listi ya Waliojitoa

Barua ya Komite ya Shukrani ilimkuta Apolline amesimama juu ya meza, mikono juu, anakaza kamba za bashi. Nusu ya nyumba yao ya Mulongwe ilikuwa na mabati. Nusu ya pili ilikuwa na bashi, lile turubai la plastiki la msaada, tangu siku mto ulipoacha njia yake na kukatiza katikati ya chumba cha kulala. Mumewe Ildephonse ndiye aliyeshika miguu ya meza, na ndiye aliyepokea barua. Aliigeuza mbele na nyuma, akainusa kidogo kama mtu anayenunua samaki wa jioni, kisha akampandishia mkewe.

"Iko na muhuri," akasema. "Barua ya muhuri haiyatuletea hata siku moja sukari."

Apolline akashuka. Alikuwa amesoma shule ya msingi tu, lakini aliisoma yote. Mwalimu wake wa darasa la sita alikuwa na fimbo maalumu ya watoto wanaokisia maneno, na tangu wakati ule Apolline hakukisia tena neno lolote. Akaweka kidole chini ya mstari, akasoma kwa sauti:

"Kwa Mama Mkubwa wa marelé wa kando ya mto. Komite inakuomba uilete, kabla ya Ijumaa, listi ya watu wote waliojitoa katika kazi ya urelé tangu ilipoanza. Kwa kila mmoja uandike jina, mwaka, na sababu iliyomsukuma kujitoa. Mungu akubariki. Katibu Thierry."

Relé ni mtu wa mtaa kama watu wengine wa mtaa, ila yeye amekubali kusumbuliwa. Anapita nyumba kwa nyumba, anaangalia ndoo za maji, anapima mikono ya watoto kwa ile kamba yenye rangi, anapeleka wenye kuhara kituoni kabla macho hayajazama. Mshahara hana. Walipoanza kando ya mto walikuwa wanane, na wote Apolline ndiye aliyewafundisha, kuanzia namna ya kubisha hodi kwa mwenye hasira mpaka namna ya kuhesabu pumzi za mtoto aliyelala. Mwaka hadi mwaka walipungua. Sasa alibaki yeye, na jina la Mama Mkubwa, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuitwa mdogo.

"Weka jina lako wa kwanza," Ildephonse akasema.

"Mu listi ya waliojitoa? Minye nilijitoa lini?"

"Sijue. Lakini listi ikipita mu mutaa, muntu anaingia. Hata ikiwa ni listi ya wafu. Kesho watagawa sanda, weye utasema nini? Utasema ulikuwa muzima?"

"Papa Merdi, soma neno. Wa-li-o-ji-to-a. Walioacha. Gracien alijitoa. Félicité alijitoa. Minye niko."

"Weye uko," Ildephonse akakubali, na akatazama bashi. "Miaka kumi na moja uko. Hata mvua inajua kama uko, inapita kukusalimia mu kitanda."

Neno la mvua halikuwa mzaha kati yao. Ciza, kaka mkubwa wa Ildephonse, alikuwa ametuma ujumbe kutoka Mutarule: vyumba viwili viko tayari, shamba la mihogo liko, waje kabla ardhi haijawa tope. Na wao wawili walikuwa wamepatana mbele ya watoto. Mvua za mwaka huu zikianza nyumba bado iko nusu uchi, wanafunga mizigo. Apolline hakuwa na chuki na Mutarule wala na shemeji yake. Lakini kutoka daraja mpaka pale mto unapoingia ziwani, alijua jina la kila mtoto na ndoo ya kila nyumba, na nani anadanganya kwamba amechemsha maji. Vitu kama hivyo haviwezi kufungwa ndani ya mzigo.

*

Listi aliiandika siku ile ile. Alichora mistari kwa upande wa sahani ya bati, kwa sababu rula ya mtoto wao Merdi ilikuwa imevunjika. Juu kabisa akaandika kwa herufi kubwa vichwa vya safu kama alivyofundishwa: JINA, MWAKA, SABABU. Chini yake akapanga watu saba. Aliandika ukweli, si kwa ubaya, ila kwa sababu waliomba sababu.

Thierry alimpokea kwenye chumba cha Komite, nyuma ya duka la simu. Thierry alikuwa kijana wa adabu, mwongozaji wa kwaya, mwenye Kiswahili cha altareni hata akiwa anaagiza brosheti. Alichukua listi bila kuisoma, akaiweka chini ya chupa ya juisi isipeperuke.

"Tumefurahi sana, mama."

"Bwana Katibu, hawa watu munawatafutia nini? Munataka warudi?"

"Tunataka wajulikane."

"Wanajulikana."

"Haitoshi, mama. Uvira nzima iwajue. Na kule Bukavu."

Apolline akaogopa. Hakujua kwamba kuacha urelé ni kosa la kufikishwa mpaka Bukavu. Akamkumbuka Félicité, mwanamke wa watu, asiyeweza kumfukuza hata kuku mezani. Akaomba listi, akaomba na kalamu, akaongeza maneno mawili matatu mbele ya jina la Félicité ili adhabu yake ipungue. Thierry alimtazama akiandika, akatikisa kichwa kwa heshima. Moyoni alijiambia: tazama mama huyu, bado anaongeza sifa za wenzake.

Kila mmoja aliona kwamba mwenzake amemwelewa.

*

Siku nne baadaye Ildephonse alirudi kutoka Kalundu, anakobeba mizigo ya bandarini, akakaa kizingitini bila kuvua ngata kichwani.

"Mama Merdi, leo nimebeba mabati yako kwa hiki kichwa."

"Mabati gani?"

"Yametelemuka mu boti. Furushi nane, kila moja mabati kumi na mawili. Karani alinisomea: ni ya Komite ya Shukrani, ya kuwapa marelé waliofanya kazi ya bure kando ya mto. Kutakuwa fete. Jumamosi, mu kiwanja cha shule."

Apolline aliketi. Watu wanane walianza. Furushi nane. Hesabu ilikuwa nyeupe kama maji yaliyotiwa dawa. Kumbe Komite haikutaka kuadhibu mtu. Kumbe iliomba majina ya walioondoka ili isiwasahau hata wao, na jina la aliyebaki wanalo tayari, si ndiye waliyemwandikia barua? Akaona haya kwa kuwafikiria vibaya.

"Hata walioacha wanapewa," akasema. "Ni Komite ya roho nzuri."

"Minye sina shida na roho yao. Furushi yako nimeiwekea alama ya mkaa. Ile bati ya juu haikukunjika."

Ijumaa ukaja mwaliko. Ulimwomba Mama Apolline afike saa moja ya asubuhi, na ndoo mbili za maji yenye klorini, ili wageni wanawe mikono. Ildephonse aliuliza kama wenye kupewa zawadi ndio wanaonawisha. Apolline akajibu kwamba kwenye harusi pia bibi arusi anaamka mapema.

*

Jumamosi hema lilisimama, viti vilipangwa, mawingu yalikaa juu ya milima kama watu waliofika kabla ya saa. Mgeni mkubwa alitoka Bukavu, mama mmoja wa miwani na daftari, ambaye wote walimwita Madamu Mjumbe. Alinawishwa na Apolline, akamshukuru, akamuuliza kama maji hayo ni ya ziwa.

Mikro aliishika Bertrand, anayeendesha harusi zote za upande ule. Bertrand ana kanuni moja: mikro ikinyamaza, watu wanaanza kuuliza chakula. Thierry akamkabidhi listi ileile, mwandiko uleule wa Apolline, sasa na muhuri kwa juu. Furushi nane zilikuwa zimepangwa mbele. Ildephonse alisimama nyuma ya watu na kamba begani, macho yake kwenye alama ya mkaa.

"Wa kwanza," Bertrand akaita. "Papa Gracien. Huyu alijitoa mwaka elfu mbili kumi na saba. Sababu." Akasogeza karatasi karibu na pua. "Sababu, viatu viliisha."

Bertrand aliona kimya kinakuja, akakiruka.

"Wapendwa, mumesikia neno? Papa huyu alitembea kwa ajili yenu mpaka viatu vikaisha."

Makofi yakalipuka. Gracien alikuja sherehe ile na wasiwasi kwamba wanamdai ule mkoba wa kazi aliofanya wa kwendea sokoni. Aliinuka polepole, akatazama miguu yake kama anaiona kwa mara ya kwanza, kisha akaanza kutembea kwa kuchechemea kidogo.

"Mama Félicité. Alijitoa elfu mbili kumi na tisa. Sababu, mume alikataa. Lakini alikuwa mupole." Bertrand sasa alikuwa ameshapata njia. "Vita mu nyumba, na upole mu mutaa. Mama, kuya uchukue mabati. Na mume naye amuletee mukokoteni, leo asikatae."

Mume alikuwa wa kwanza kusimama.

"Papa Révérien. Alijitoa elfu mbili ishirini. Sababu, alienda na jile."

Révérien, dokeri wa Kalundu, alikuwa amekaa mstari wa tatu na ile jile ya kijani, kizibao cha marelé, mwilini, kwa sababu haina mpinzani kwa kubebea magunia. Alijaribu kuikunja chini ya makwapa.

"Usiifiche, papa," Bertrand akasema. "Alienda nayo. Wengine kazi wanaiacha ku biro. Huyu, hata leo kazi iko ku mugongo wake."

Mama Providence, aliyejitoa kwa kugombana juu ya sabuni, alitambulishwa kama mwanamke pekee katika Uvira aliyepigania usafi kwa mikono yake mwenyewe. Madamu Mjumbe akaandika hilo daftarini, akapiga mstari chini. Watatu waliofuata Apolline alikuwa amewaandikia neno moja tu, uchovu, na Bertrand aliwapa furushi zao kwa pamoja, akisema walichoka ili sisi tupumzike.

Apolline alikuwa amesimama kando ya hema na jagi mkononi. Alikuwa anasikiliza maneno yake mwenyewe yakitoka kwenye spika, kila moja limevaa nguo ya Jumapili. Mara ya kwanza alidhani Bertrand anatania. Mara ya nne alielewa kwamba hataniwi mtu. Ila bado furushi moja ilikuwepo pale mbele, yenye alama ya mkaa, na yeye alifuta mikono kwenye kitenge, akaweka jagi chini.

"Na wa nane," Bertrand akasema, "ambaye kwa listi ndiye wa kwanza kabisa, juu ya wote, kwa herufi kubwa. Jina Mwaka Sababu."

Watu wakatazamana.

"Ndugu Jina? Jina Mwaka iko wapi?"

"Ni mwanaume ao mwanamuke?" mtu akauliza.

"Labda ni muntu wa Kalemie," bibi mmoja akaeleza jirani yake. "Kule wana majina ya hivyo."

Madamu Mjumbe aliinua breve iliyobaki mezani, cheti cha karatasi nzuri yenye ua kila pembe. Ilikuwa imeandikwa kwa mashine: Tunamshukuru JINA MWAKA SABABU. Akamgeukia Thierry. Thierry, jasho linamteleza shingoni, akasimama.

"Ni mutumishi, Madamu. Muntu ambaye... hapendi kuonekana."

Mama yule akavua miwani. Alichukua mikro yeye mwenyewe, na sauti yake ilikuwa na machozi ya kweli. Alisema amezunguka jimbo lote akitafuta mtu wa kujitolea wa namna hiyo. Wenzake wanakuja mbele, yeye anabaki nyuma. Alisema mtu ambaye mtaa wenyewe haumjui ndiye mfano kwa mtaa. Akaomba wote wasimame dakika moja kwa heshima yake. Wote wakasimama. Apolline alikuwa amesimama tayari.

*

Nyuma ya hema, karibu na masufuria, alimpata Thierry akijipepea kwa breve ya mtu asiyekuwepo.

"Bwana Katibu, Jina hapana muntu."

"Sasa najua, mama. Tusiongee kwa nguvu."

"Ni kichwa cha listi."

"Nilihesabu mistari. Ilikuwa nane."

"Na minye?"

Thierry akaugua. "Weye nilikutafuta mu listi, sikukuona. Nikajiuliza, Mama Apolline, miaka yote hii, kumbe hakujitoa? Nikasema ni unyenyekevu wako. Na muntu hawezi kumulazimisha mwenzake kushukuriwa."

"Barua ilisema waliojitoa."

"Njo hivyo. Waliojitoa. Kama Bwana alivyojitoa musalabani. Kila Jumapili tunaliimba."

"Bwana alijitoa musalabani. Gracien alijitoa mu kazi."

Thierry akaitoa listi mfukoni, na kwa mara ya kwanza tangu aipokee, akazisoma sababu. Ilimchukua muda. Viatu. Mume. Jile. Sabuni. Uchovu, uchovu, uchovu.

"Eh," akasema mwishoni.

"Sasa itakuwa namna gani?"

"Haitakuwa namna. Foto zimepigwa. Madamu ameshatuma raporo kwa simu. Mama, shukrani ni kama mate, ikishatoka hairudi." Akapunguza sauti zaidi. "Lakini ile furushi ya nane haina mwenyewe. Prezida wetu wa Komite ana choo kisicho na paa, ameshaita mukokoteni. Tukifanya mbio, tunaweza kukusaidia. Mustari wa juu tunauandika upya. Jina, Apolline. Mwaka unaweka. Sababu unaweka. Saini. Imeisha."

"Chini ya waliojitoa."

"Hilo neno siwezi kuligusa, liko na muhuri juu yake."

"Kwa hiyo nisaini kama nimejitoa."

"Ni neno tu, mama."

"Kwako ni neno. Kwangu ni listi ya kina Gracien."

Ildephonse alikuwa amefika, ngata mkononi. Alisikia ya mwisho, na hakuhitaji ya mwanzo.

"Shukrani ya punda ni mateke," akasema kwa utulivu. "Lakini punda huyu ameletewa mabati. Mama Merdi, geuka kidogo utazame ku milima."

Apolline akageuka. Pale penye vilele hapakuwa tena na vilele, mawingu tu. Upepo wa baridi uliteremka, ukainua kingo za hema, na wapishi wakaanza kufunika masufuria. Kule mbele mtu wa mkokoteni wa Prezida alikuwa anauliza furushi ni ipi.

Alichukua kalamu. Akaandika jina lake lote. Akaandika mwaka. Kwenye sababu kalamu ilisimama, Thierry akamnong'oneza, "Andika upendo." Apolline hakukisia neno. Akaandika: mvua.

Kisha akavua mkoba wa kazi begani, akatoa vilivyomo kimoja kimoja juu ya meza, kati ya vitunguu. Rejista ya nyumba mia mbili na kumi. Kamba ya kupimia mikono. Nusu pakiti ya vidonge vya maji. Kalamu mbili, moja bila wino, na mwisho mkoba wenyewe.

"Hii ni ya nini?" Thierry akauliza.

"Nimejitoa."

"Mama, hapana hivyo. Kesho nani atapita kando ya mto?"

"Muko na watu saba wenye breve. Na Jina, huyo ndiye mufano."

Ildephonse alikuwa ameshapandisha furushi kichwani, anatembea kwa haraka ya mtu anayekimbizana na wingu.

*

Mabati kumi na moja yalitosha. La kumi na mbili Ildephonse aliliegemeza ukutani, akasema ni la akiba. Alimtumia Ciza sauti kwa simu: mwaka huu hatuji, kaka, kula mihogo yetu. Mvua ilipopiga juu ya nyumba, ilipiga kama ngoma ya watu wengine, na watoto walilala katikati ya chumba, mahali ambapo zamani pangekuwa na beseni.

Apolline alikaa wiki tatu bila kutoka na mkoba. Mkoba hakuwa nao. Alisafisha nyumba, akaisafisha tena. Watu walipobisha, Ildephonse ndiye aliyekwenda mlangoni, na jibu alikuwa amelizoea: Mama Merdi alijitoa, mwende kwa Gracien, mwende kwa Félicité, wako na karatasi. Alilisema kwa furaha siku tatu za kwanza. Baadaye alilisema bila kumtazama mtu usoni.

Kwenye wiki ya nne, asubuhi, mvua ikiwa haijaamua kupungua, alikuja Belyse. Alikuwa mama mdogo wa karibu na daraja, mtoto wa kwanza, na mtoto mwenyewe alikuwa kwenye kanga mgongoni, kichwa kimelala upande.

"Mama Mukubwa iko?" akauliza.

"Iko, lakini hayuko relé tena," Ildephonse akasema. "Alijitoa."

"Ninajua. Njo maana nimekuja."

"Weye husikie vizuri. Nimesema alijitoa."

"Nimesikia, papa. Radio ilisema vilevile, marelé waliojitoa kwa ajili yetu. Nilienda kwanza kwa Papa Gracien, juu iko karibu. Amenionyesha breve ku ukuta. Iko muzuri, iko na maua. Kisha akanionyesha njia ya kuja hapa. Mama Félicité naye ameniambia, kama ni kuhara, kwa Apolline. Usiku wote amehara maji, papa. Hata hanililie tena."

Ildephonse alibaki katikati ya mlango. Nyuma yake Apolline alikuwa ameshasimama, na mkono wake ulimsogeza pembeni kama pazia.

Alifungua kanga. Akabana ngozi ya tumbo la mtoto kwa vidole viwili, akaiachia, ikachelewa kurudi.

"Papa Merdi, sukari."

"Sukari ni ya watoto ya..."

"Sukari."

Akapima vijiko sita vidogo, akasawazisha kila kimoja kwa kisu. Chumvi, nusu kijiko, si zaidi. Maji yaliyochemshwa, lita moja. Akakoroga, akaonja, akampa Belyse kikombe na kijiko, akamwonyesha: kidogo, ngoja, kidogo, akitapika ungoje kidogo zaidi, usikate tamaa. Wakati anaeleza, sauti yake ilikuwa ileile aliyowafundishia watu saba.

"Tunaenda kituoni. Utaendelea kumunywesha mu njia."

"Kwa hii mvua?" Ildephonse akauliza. Kisha akajijibu, kwa sababu alikwenda ukutani, akachukua lile bati la akiba, akaliinua juu ya kichwa chake na vichwa vyao.

Walitoka hivyo, wanawake wawili na mtoto chini, bati juu, na Ildephonse katikati kama nguzo. Maji ya njia yaliwafika vifundoni. Watu waliojibanza chini ya vibaraza waliwatazama. Révérien alikuwepo hapo, jile imelowa.

"Papa Merdi, unapeleka paa wapi?" akamuuliza.

"Ku hospitali," Ildephonse akajibu. "Kamata upande ule, unaninyesha."

Révérien aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akaona watu wanamwangalia yeye na ile jile. Akakamata upande ule.

Kituoni muuguzi alimpokea mtoto bila maswali, akatafuta mshipa, akaupata mara ya pili. Mpaka dripu iliposhika na mtoto akaanza kulia kwa hasira, ndipo alipoketi na kufungua rejista. Aliandika jina la mtoto, umri, saa. Akainua kichwa.

"Relé aliyemuleta ni nani? Ni weye, Mama Apolline, si ndiyo?"

"Hapana. Minye nilijitoa. Iko mu listi, na muhuri."

"Basi niandike nani? Papa Révérien yuko na jile."

"Alishika bati," Apolline akasema. "Andika jirani."

Muuguzi akapitisha kalamu juu ya ukurasa, kutoka upande mmoja mpaka mwingine.

"Mama, hapa hakuna mustari wa jirani."

Apolline alikuwa ameshainama juu ya kitanda, kijiko mkononi, anamngoja mtoto ameze.

"Chora," akasema.